Hamira ya waridi kutoka jani la msambu, Amani: hii ni spishi mpya au najidanganya?

binti_wa_muheza:

Wakubwa shikamooni, na rika langu habari zenu.

Nasoma shahada ya uzamili, upande wa vijidudu. Kazi yangu ni hamira zinazoishi juu ya majani ya miti ya msitu wa mvua, na majani nimeyachuma Amani, Usambara Mashariki, kwa kibali. Sasa kuna hamira moja inaninyima usingizi. Msimamizi wangu yuko safarini na anajibu meseji anapojisikia, kwa hiyo nimeona niilete hapa.

Nilitumia njia ya spora zinazorushwa (spora ni mbegu ndogondogo za kuvu). Kwa wasioijua: unakata kipande cha jani bichi, unakibandika kwa vaselini ndani ya kifuniko cha sahani ya petri, upande wa chini wa jani ukiitazama agari (chakula kigumu cha kukuzia vijidudu), unafunika, unaiacha. Hujagusisha jani na agari hata kidogo. Nilipofungua sahani ya jani la msambu (Allanblackia stuhlmannii, ule mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta), agari ilikuwa imechorwa jani zima kwa rangi ya waridi. Ukingo upo, mshipa wa kati upo, na pale mdudu alipotafuna tundu, kwenye agari napo pako wazi. Nimeweka picha chini.

Niliisafisha mpaka nikapata koloni la seli moja. Rangi ni waridi inayoelekea chungwa, uso una mikunjo midogo. Haichachui glukosi. Agari ya urea inaigeuza pinki haraka. Nilisomesha D1/D2 (kipande cha jeni la ribosomu kinachotumika kutambulisha hamira) kwa praima NL1 na NL4, vianzio vya kusomea kutoka kila upande, nikapata besi 583, yaani herufi za DNA. Spishi yenye jina iliyo karibu zaidi ni Sporobolomyces mojawapo (jenasi ya hamira za waridi), na tofauti ni besi 9. ITS, kipande kingine cha DNA kinachotumika vilevile, inafanana nayo kwa asilimia 94 tu.

Kinachonichanganya ni hiki: BLAST, programu ya kutafuta mifuatano ya DNA inayofanana, inanipa pia mfuatano mmoja wa D1/D2 unaofanana na wangu asilimia 100. Umeandikwa "Sporobolomyces sp." basi, hauna jina, umetoka kwenye jani huko Asia ya Kusini Mashariki.

Tofauti 9 zinatosha kusema ni spishi mpya? Na huyo wa Asia asiye na jina, ndiyo kusema nimewahiwa? Pia rafiki yangu ameniambia nitume hamira hii Ulaya kwa posta, iwekwe kwenye hazina ya vijidudu kabla mtu hajanitangulia. Nisaidieni kabla sijaharibu.

mpishi_wa_kijiweni:

Dada hongera, ila sisi wengine tuna swali moja tu. Hiyo hamira inaumua maandazi?

Mzee_wa_Hadubini:

Mpishi, haiumui. Ameshakwambia haichachui glukosi, maana yake haitoi gesi, na unga wako utalala vilevile mpaka asubuhi. Hamira ya maandazi ni Saccharomyces, wa ukoo mwingine kabisa. Huyu wa waridi ni jamaa wa kutu, ile kutu ya kahawa unayoiona chini ya majani kule Lushoto. Kwa nini jamaa wa kutu akaamua kuishi kama hamira, hilo tuliache.

Binti, marahaba. Nimefanya kazi ya maabara ya kuvu mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakuambia kama ambavyo ningekuambia ukiwa umesimama kwenye benchi langu.

Ile picha yako nimeikuza nikaitazama muda mrefu. Watu hudhani spora hizi huanguka tu, kwa uzito wake. Zinafyatuliwa. Spora inakaa kwenye ncha ya kijiti chembamba kilichochomoza kwenye seli. Kwenye kitako chake panaota tone dogo la maji, linavimba, linafika mahali linagusa utando wa maji ulio ubavuni mwa spora, yanaungana ghafla, na spora inaruka. Ikishaachana na jani hewa inaizuia mara moja, ndipo inashuka wima. Ndiyo maana ukapata mshipa na tundu la mdudu mahali pake, bila kutapakaa. Buller, aliyelichunguza sana tone hilo, alipewa heshima ya jenasi Bullera. Sporobolomyces wako walielezwa na Kluyver na van Niel mwaka 1924.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, leo ikiwezekana: panda hamira yako kwenye agari ya unga wa mahindi, iweke kwenye nyuzi 17 hadi 20 na siyo kwenye joto la chumba, pindua sahani, weka kioo cha hadubini chini yake. Hizo spora zitakazotua kwenye kioo zipime na uzipige picha. Usingoje. Hamira hizi zikihamishwahamishwa kwenye agari ya maabara zinaweza kuacha kurusha, na baadaye utaeleza spishi yenye sifa ambayo huwezi tena kumwonyesha mtu.

Sasa besi 9. Kile kipimo cha besi 6, au asilimia 1, mnachokikariri vyuoni kilitoka kwa Kurtzman na Robnett mwaka 1998. Walipanga D1/D2 za spishi kama 500 wakaona walio wa spishi moja kwa kawaida hawazidi tofauti 3, na wanaofika 6 kwa kawaida ni spishi tofauti. Lakini hamira zao zilikuwa za askomaiseti, kundi la kuvu la upande wa Saccharomyces na Candida. Yako ni ya besidiomaiseti, kundi la uyoga na kutu, na huko spishi mbili halali zinaweza kuachana kwa besi chache kuliko hizo. Kuna na kinyume chake: Clavispora lusitaniae, ambao ni askomaiseti kabisa, wamewahi kukutwa wakitofautiana besi zaidi ya 30 kwenye D1/D2 na bado wanajamiiana vizuri tu. Kwa hiyo namba hiyo ni mtu aliyekuambia "huyu si mtoto wa fulani". Hajakuonyesha cheti cha kuzaliwa.

Mwaka 2016 watu wa Utrecht walichambua hamira zaidi ya 9,000 za hazina yao wakapata mpaka wa kutenganisha spishi wa asilimia 98.41 kwa ITS na 99.51 kwa D1/D2. Wewe uko chini ya yote mawili, na ITS ya 94 iko chini mno. Hiyo 94 ndiyo iliyonifanya nivute kiti.

Ila kabla ya yote hayo, fungua kromatogramu. Sisemi faili la herufi ambalo mashine imekuandikia, nasema vile vilele vya rangi nne. Tafuta kila moja ya zile tofauti 9. Ipo katikati ya usomaji, kwenye kilele kimoja kirefu kilichosimama peke yake? Nitaiamini. Ipo kwenye mkia, pale vilele vinapopanuka na kulaliana? Hiyo mashine imebahatisha. Soma kwa NL1 na usome kwa NL4, halafu linganisha kinyumenyume. Nimeona "spishi mpya" nyingi zikifia kwenye besi 40 za mwisho, na wenyewe tayari wameshachagua jina.

Ukilinganisha, linganisha na mfuatano wa kielelezo chenyewe, yaani ile hamira iliyohifadhiwa kama shahidi rasmi wa jina. GenBank ni hifadhidata ya wazi ya DNA, mtu yeyote anapakia na anaandika jina analolidhania. Kuna mifuatano humo imepewa majina ya watu wengine miaka na miaka.

Halafu jani la pili. Kanuni ya majina ya kuvu haikukatazi kueleza spishi kutokana na hamira moja, na wengi wanafanya hivyo, mimi siipendi. Hamira moja haikuambii kama ile mikunjo ni ya spishi au ya huyo mmoja. Haikuambii inaishi kwenye msambu au ilipeperushwa na upepo kutoka mkarafuu wa jirani. Una sahani nyingine za safari ileile? Zitafute zenye waridi.

Na huyo wa Asia asikutishe. Asiye na jina hajamiliki kitu. Mfuatano bila maelezo yaliyochapishwa, bila kielelezo, haushindani na yeyote. Lakini aliyeupakia huenda bado ana hamira hai kwenye friza, na wenzetu wa Thailand wameeleza hamira nyingi za majani, wanajua kazi hii. Mwandikie. Ukipata moja ya Amani na moja ya kwao, una spishi ya mabara mawili, na karatasi yenu itasomwa kuliko ya kwako peke yako. Najua vijana hamtaki kusikia neno "pamoja".

La mwisho kwa leo: ipandishe kwenye nyuzi 37. Kama haikui, andika haikui, ni sifa. Kama inakua, fanya kazi kwa heshima zaidi. Cryptococcus gattii, hamira mwingine, naye alikutwa kwenye mikaratusi huko Australia, na anaua watu.

chelagat_254:

Binti, mimi niko Eldoret, nashughulikia karatasi za utafiti kwenye chuo kimoja huku. Mzee amemaliza ya maabara, wacha mimi niseme ya posta: USITUME. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Kibali cha kuchuma majani si kibali cha kutoa kijidudu nje ya nchi. Kwenu utaanzia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa upande wa utafiti, na Amani ni hifadhi iliyo chini ya TFS (wakala wa misitu), kwa hiyo soma tena kibali ulichopewa, uone kinasema nini kuhusu sampuli baada ya kuchumwa. Kisha ile hazina ya Ulaya na chuo chako zinaweka saini mkataba wa kuhamisha sampuli, ukieleza ni nini kinahama, kwa ajili gani, na nini kinatokea mtu akitaka kukifanyia biashara. Hazina zenyewe siku hizi zinadai karatasi hizo, kwa sababu Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za rasilimali za viumbe, inafanya kazi tangu Oktoba 2014. Ukituma bila karatasi, wanaweza kuikataa au kuiweka kando, na jarida nalo linataka uthibitisho kwamba imepokelewa. Umekwama katikati. Na usidhani DNA kwenye kichupa haihesabiki kwa kuwa si kiumbe hai. Uliza kwanza.

Mtu ataniambia ni hamira tu ya jani, nani ataitaka. Vijidudu vya maziwa yetu ya magadi, kama Ziwa Bogoria, vilikuwa vijidudu tu vya matope. Vilichukuliwa, vimeng'enya vyake vikaingia kwenye sabuni na kwenye kufubaza suruali za jinzi huko nje, na mwaka 2004 shirika letu la wanyamapori likajitokeza kudai sehemu ya mapato. Kudai baada ya kitu kuondoka ni kazi ngumu sana. Hamira za majani nazo zina mambo yake: rangi zile za waridi ni karotenoidi, na kuna kimeng'enya cha kuyeyusha mafuta kinachotumika viwandani dunia nzima kilichotoka kwa hamira iliyokuwa ikiitwa Candida antarctica, ambaye jamaa zake wa karibu wanaishi kwenye majani.

Kwa hiyo polepole dada yangu. Huko kwenye friza haikimbii.

mpishi_wa_kijiweni:

Kumbe jinzi zetu zilizofubaa zimetoka Bogoria. Naendelea kusoma, nimevuta kigoda.

binti_wa_muheza:

Mzee asante, dada Chelagat asante sana. Sijatuma kitu. Rafiki yangu nimemwonyesha ujumbe wako, amenyamaza.

Kromatogramu nimezifungua jana usiku. Mzee ulinitisha lakini ilibidi. Katika zile 9, besi 3 ziko mwishoni kabisa, vilele vimelaliana kiasi kwamba hata mimi nisingejua niandike nini. Usomaji wa NL4 unaonyesha pale pako sawa na spishi ile ya karibu. Kwa hiyo hizo 3 nimezifuta. Zilizobaki 6 ziko katikati, zimesimama safi pande zote mbili. Nimekata mkia, nimebaki na besi 560. Nikipiga hesabu ni asilimia 98.9. Je, bado nipo, au ndiyo nimetoka?

Sahani nyingine zipo. Kuna msambu wa pili, uko ng'ambo ya kijito, na sahani yake ina waridi, ila imechanganyika na Aureobasidium, ile kuvu nyeusi iliyotambaa kila mahali. Kuna na sahani ya jani la mtambara, mti mwingine wa msitu huo, yenye waridi iliyopauka, hiyo sina hakika nayo.

Na mzee, swali la aibu kidogo. Ikithibitika, naweza kuipa jina la bibi yangu? Anaitwa Amina. Ndiye aliyenionyesha msambu nikiwa mdogo.

Mzee_wa_Hadubini:

Upo, tena sasa ndiyo upo. Tofauti 6 ninazoweza kuziona kwa macho ni bora kuliko 9 za kuambiwa. 98.9 bado iko chini ya 99.51, na ITS haijasogea. Lakini ITS nayo ikague vilevile, kwa sababu kuna hamira zenye nakala za ITS zisizofanana ndani ya seli moja. Dalili yake ni usomaji safi unaokwenda vizuri, halafu kuanzia besi fulani vilele vyote vinakuwa viwiliviwili mpaka mwisho. Ukiona hivyo usilazimishe kusoma, niambie. Kama una fungu la fedha lililobaki, ongeza jeni moja lisilo la ribosomu, au usomeshe jenomu nzima. Bei imeshuka sana na wahakiki wameshaonja, watakuuliza.

Mti wa ng'ambo ya kijito ndio ninaoutaka. Aureobasidium usipigane nayo kwenye sahani ileile, atakushinda. Washa hadubini ya kupasulia, tafuta koloni la waridi lililo mbali na weusi, gusa kileleni tu kwa ncha ya sindano, usichimbe, maana chini ndiko nyuzi zinakopita. Piga mistari kwenye sahani mpya yenye kloramfenikoli na sodiamu propioneti kidogo: ya kwanza inanyamazisha bakteria, ya pili inazuia ukungu usitambae. Rudia mpaka sahani nzima iwe rangi moja. Ya mtambara ipeleke sambamba. Ikitoka spishi nyingine hujapoteza kitu, ni mstari mmoja zaidi kwenye tasnifu.

Ukipata mbili zinazofanana kwenye D1/D2 na ITS, ziweke zote mbili pamoja kwenye agari ya unga wa mahindi, kwenye baridi, uziache wiki kadhaa. Jamaa hawa baadhi yao hujamiiana, hutoa nyuzi zenye vibanio kwenye maungio, na spora nene za kahawia. Zamani umbo hilo lilikuwa na jenasi yake, Sporidiobolus. Tangu sheria ya kuvu moja jina moja, jenasi hiyo imeingizwa Sporobolomyces, ingawa baadhi ya spishi zake zimehamia jenasi nyingine. Usikute mtu anakusahihisha kwa kitabu cha zamani.

Jina la bibi halina aibu. Amina anaishia kwa a, unaongeza e, inakuwa aminae. Ukitaka mahali, amaniensis, na kwa kuwa jenasi zinazoishia na -myces ni za kiume, umbo hilo linakaa sawa. Tafuta kwanza kwenye MycoBank, daftari la mtandaoni la majina ya kuvu, kama kuna aliyekwisha kulitumia kwenye jenasi hiyo. Ila sikia: usiliandike popote kwa sasa. Si kwenye bango la mkutano, si kwenye jina la faili la GenBank, na hapa umeshaandika, basi tuliache lilale. Jina lililotangazwa bila maelezo halihesabiki, na linawachanganya wengine. Kwenye bango andika "Sporobolomyces sp." na namba ya hamira yako.

Siku ya kuchapisha, hutakiwi tena kuandika Kilatini, hiyo iliisha mwaka 2012. Namba ya usajili ni lazima tangu 2013; unaiomba MycoBank wewe mwenyewe. Na kuna sentensi moja ambayo vijana wanaisahau na jina zima linabatilika: kama kielelezo ni hamira hai, tangu 2019 lazima uandike kwamba imehifadhiwa ikiwa haifanyi shughuli yoyote ya uhai, yaani imekaushwa kwa baridi au imegandishwa. Sentensi moja. Iandike kabla hujaandika utangulizi. Jarida pia huenda likataka iwe kwenye hazina mbili za nchi mbili, kwa hiyo karatasi za Chelagat uzianze sasa, zinachukua muda kuliko PCR, ile kazi ya kunakili DNA.

chelagat_254:

Mzee amesema kweli kuhusu muda. Barua ya kwanza iandikwe na msimamizi, siyo wewe, na itaje hazina zote mbili kwa pamoja ili usirudi kuomba upya. Ukikwama kwenye kipengele cha matumizi ya kibiashara niandikie, nitakuonyesha jinsi sisi huwa tunakipanga.

binti_wa_muheza:

Msimamizi amejibu hatimaye: "Tuma rasimu ya barua." Naiandika leo. Waridi ya ng'ambo ya kijito nimeigusa kileleni kama ulivyosema mzee, iko kwenye sahani mpya nyuzi 20, na ile ya kwanza ninayo kwenye agari ya unga wa mahindi, kioo kiko chini yake. Mpaka sasa kwenye kioo naona ukungu mweupe kidogo tu wa spora, umbo linaelekea figo, lakini skrubu ya kupimia ya hadubini yetu imelegea. Nitaazima ya maabara ya jirani Jumatatu, nizipime hamsini hivi, niwaletee vipimo na picha.

Mzee_wa_Hadubini:

Figo ni sawa. Pima urefu na upana, zote mbili, na uandike siku ngapi sahani imekaa na kwenye nyuzi ngapi. Picha zikiwa nzito zipunguze, simu yangu ni ya zamani.